Habari za Huko: Msafiri wa Pikipiki Aamini Nini?

Sisi tuishio baina ya Ruiru na Thika tumezoea kuiita barabara yetu Thika Road, kana kwamba Thika ndipo inapokoma. Hata ilipopanuliwa na kuzinduliwa upya mwezi wa Novemba 2012, ikapata njia pana na madaraja ya kupitana, jina lilibaki lile lile. Kwa hakika Thika ni kituo tu. Barabara hii, iandikwayo A2 katika ramani za serikali, huendelea Sagana, Karatina, Nanyuki na Isiolo, ikakata nyika kavu hadi Marsabit, kisha ikafika Moyale penye mpaka wa Ethiopia, mwendo wa takriban kilomita 800 kutoka Nairobi. Nayo ni kipande cha njia kuu iliyokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town.

Basi si ajabu kwamba mwalimu mmoja wa shule ya upili mjini Ruiru, kijana mwenye pikipiki aliyoinunua kwa akiba ya miaka kadhaa, alikata shauri kuiendesha hadi Addis Ababa katika likizo ya Desemba, tena peke yake. Lililo la ajabu kidogo ni kwamba alikuja kuniuliza mimi kama safari hiyo ni salama. Mimi ni mwalimu wa isimu, na ujuzi wangu wa pikipiki haupiti ule wa abiria. Lakini nilipomsikiliza niligundua kwamba shida yake haikuwa ya pikipiki hata kidogo. Alikuwa amekusanya habari kwa majuma matatu: vipande vya magazeti, maonyo ya balozi za Ulaya kwa raia wao, sauti zilizorekodiwa na kupitishwa kutoka simu hadi simu, na maneno ya shemeji yake anayeuza nguo Eastleigh. "Daktari," aliniambia, "nikiziamini zote sitapita hata Juja. Nikizipuuza nitakuwa mpumbavu. Nizipime vipi?"

Swali hilo ni la lugha, na linawahusu walimu na wanafunzi wengi ambao hawatapanda pikipiki maishani mwao. Watu aliokuwa amewauliza kabla yangu walimjibu kwa namna mbili. Kundi moja lilisema usiende, huko ni vita. Kundi la pili lilisema nenda tu, hakuna neno, magazeti hutia chumvi. Nionavyo mimi, makundi yote mawili yalifanya kosa moja: yalijibu kabla ya kuuliza habari yenyewe imesema nini.

Tuanze na mahali. Kiswahili kimetupa njia tatu za kutaja mahali, na kila mwanafunzi wa kidato cha pili amezikariri: pa, ku na mu. Pa- ni mahali dhahiri, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ku- ni mahali pasipo mipaka kamili, upande fulani, eneo. Mu- ni ndani. Pana moto hapa. Kuna moto kule. Mna moto humu. Tofauti hii imefifia katika usemi wa kila siku wa miji yetu, ambamo "kuko" na "iko" zimemeza karibu kila kitu, na wanafunzi wengi huikumbuka siku ya mtihani tu. Lakini ukitaka kujua faida yake, msikilize mtu akikwambia "huko Ethiopia kuna vita." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, na kwa mwenye pikipiki haina msaada wowote. Huko wapi? Ethiopia ni nchi yenye ukubwa unaokaribia maradufu ya Kenya. Msafiri hapiti huko. Hupita hapa, kisha hapa, kisha hapa. Kila ku- anayoletewa, inampasa aidai igeuzwe kuwa pa-.

Mfano wa vita vya Tigray utatosha. Vilianza Novemba 2020 na vikasimamishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Katika miaka hiyo miwili dunia nzima ilisema kuna vita Ethiopia, na ilisema kweli, tena vita vya kutisha. Hata hivyo, kutoka Moyale hadi Mekelle, mji mkuu wa Tigray, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara, umbali unaopita ule wa kutoka Thika hadi Dar es Salaam. Wakati huo huo, karibu zaidi na mpaka wetu, katika maeneo ya Guji ambayo barabara ya Moyale kwenda Addis Ababa huyapitia au kuyakaribia, kulikuwa na kundi lenye silaha lijiitalo Jeshi la Ukombozi wa Oromo, lililokuwa likipambana na majeshi ya serikali tangu kabla ya vita vya Tigray. Habari za Guji zilikuwa mistari michache katika kurasa za ndani. Kwa msafiri atokaye Kenya, mistari hiyo michache ilikuwa na uzito kuliko picha zote za vifaru vya kaskazini. Kelele za habari hupimwa kwa idadi ya waliokufa na ukubwa wa mataifa yanayohusika, na ni haki iwe hivyo. Lakini hazipimwi kwa kilomita kutoka gurudumu la mtu fulani.

Mkaaji wa Ruiru hana haja ya kwenda mbali kuthibitisha jambo hili. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, televisheni za dunia zilisema Kenya inawaka. Aliyekuwa Ujerumani akisoma habari hizo alidhani hakuna mahali pa kukanyaga kutoka Mombasa hadi Busia. Sisi tuliokuwa hapa tunajua kwamba palikuwa na sehemu ambapo risasi zililia na sehemu ambapo watu walikama ng'ombe wao kama kawaida, na kwamba sehemu hizo mbili zingeweza kutenganishwa na kilomita chache. Usiku huo huo Githurai, mji tunaoupita kila tuendapo Nairobi, milio ya risasi ilisikika, na kabla ya mapambazuko idadi za waliouawa zilizokuwa zikitajwa mitandaoni zilitofautiana kiasi cha kutokuwa na maana. Kuna aliyezidisha na kuna aliyekanusha kila kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 2025, polisi waliziba barabara za kuingia Nairobi, hii yetu ikiwa mojawapo, na mtu aliyeamka Thika bila kuuliza aligeuzwa njiani. Nilimwambia mwalimu ajiulize: siku hizo mbili, mgeni mwenye pikipiki angeuliza nini, na nani angempa jibu la kumsaidia? Jibu hilo ndilo kipimo chake cha Yabelo na Bule Hora.

Kisha kuna wakati. Lugha ya vichwa vya habari katika magazeti yetu ina mazoea yake: Ghasia zazuka mpakani. Wasafiri wakwama. Barabara yafungwa. Kiambishi hicho cha -a- ni kitamu kwa mhariri, maana hakichukui nafasi na kina uhai. Lakini hakina tarehe. "Barabara yafungwa" yaweza kuwa ya jana au ya miaka minne iliyopita, na mtu akikukatia kipande cha gazeti bila ukingo wake wa juu, au akikupitishia kwenye simu, huwezi kujua. Linganisha na "barabara ilifungwa," ambayo inakwambia jambo limepita bila kusema kama bado lipo. Na "barabara imefungwa," inayokwambia kwamba hali hiyo ingaliko pale msemaji aliponena. Alinena lini? Hilo ndilo swali. Lakini ya thamani kuliko zote ni hu-: "barabara hufungwa." Mtu akikwambia kwamba barabara hufungwa jioni, au hufungwa kila mifugo ikiibwa, amekupa desturi ya mahali, na desturi huishi kuliko tukio.

Desturi hizo zina historia, na barabara yetu ya kaskazini inayo tele. Wazee wanakumbuka enzi ambapo magari ya kwenda Marsabit na Moyale yaliondoka Isiolo kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki, kwa ajili ya wavamizi wa njiani. Tarehe 12 Julai 2005 washambuliaji waliuvamia Turbi, kituo kilichoko baina ya Marsabit na Moyale, wakaua zaidi ya watu 50, watoto wa shule miongoni mwao. Lami ilipokamilika katika mwongo uliofuata, safari ya siku tatu ikawa ya siku moja, na wengi wakadhani lami imefukuza uhasama. La hasha. Mnamo Mei 2022 serikali ililazimika kutangaza kafyu ya usiku katika kaunti nzima ya Marsabit kwa sababu ya mauaji ya kulipizana kisasi na silaha haramu. Nayataja haya kwa sababu mwalimu wetu, katika faili lake lote, hakuwa na karatasi hata moja kuhusu Marsabit. Hatari aliyoitafuta ilikuwa ya nchi za nje. Nusu ya safari yake ilikuwa ndani ya Kenya, naye aliihesabu kuwa nyumbani.

Kuhusu tarehe, msafiri wa Ethiopia ana mtego wa ziada. Kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, na mwaka wao mpya huingia Septemba. Tangazo la hali ya hatari la Agosti 2023, lililotolewa baada ya mapigano kuzuka katika jimbo la Amhara baina ya wanamgambo waitwao Fano na jeshi la serikali, katika hesabu yao ni la mwaka 2015. Mwalimu alikuwa amepata nakala ya hati moja yenye mwaka huo, akaitupa akidhani ni kuukuu.

Baada ya wapi na lini huja nani. Hapa pia sarufi yetu inaweza kutuficha. "Inasemekana." "Yadaiwa." "Imeripotiwa." Vitenzi hivi vimevaa kauli ya kutendwa au ya kutendeka ili mtenda asionekane, na waandishi wa habari huvitumia kwa sababu nzuri, maana si kila shahidi anayetaka kutajwa. Lakini msomaji anaposoma "inasemekana" mara tano katika habari tano, hudhani ana mashahidi watano, ilhali pengine ni mtu mmoja aliyesimuliwa na magazeti manne yakainukuu la kwanza. Methali husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nao watu huitoa kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani. Mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi kwamba hata methali hiyo imetumia -po, ile ya mahali dhahiri. Haya, lipo wapi?

Asidhani mtu kwamba haya ni madaha ya darasani. Mnamo tarehe 10 Machi 2018, katika upande wa Ethiopia wa mji wa Moyale, askari waliwafyatulia risasi raia na kuua tisa. Serikali ya nchi hiyo ilieleza baadaye kwamba askari hao walikuwa wametenda kwa taarifa potofu, wakiamini wanawaandama waasi waliovuka mpaka. Maelfu ya watu walikimbilia Kenya siku zilizofuata. Kulikuwa na mtu aliyesema, na mwingine aliyeamini, na habari ikaitwa taarifa za kijasusi, jina ambalo huipa maneno ya kusikia heshima isiyo yake.

Vipi maonyo ya balozi? Mwalimu aliyaheshimu mno, pengine kwa kuwa yameandikwa kwa Kiingereza safi. Yana faida: hutaja maeneo kwa majina, huwa na tarehe, na mengine huwa na ramani yenye rangi. Lakini yameandikwa na mtumishi wa serikali ambaye akimruhusu raia wake na raia akadhurika, atalaumiwa. Akimkataza na isitokee kitu, hakuna atakayemuuliza. Kwa hiyo onyo hupandishwa upesi na kuteremshwa polepole. Tena limeandikwa kwa ajili ya Mzungu, ambaye hatari zake si zote hatari za Mkikuyu wa Ruiru, na usalama wake si wote usalama wake. Jambo moja tu katika maonyo hayo linamgusa kila mtu moja kwa moja: bima nyingi za safari hazilipi hasara iliyotokana na vita au ghasia. Asome mkataba wake.

Walio bora kuliko wote ni wale wanaopita: madereva wa malori, utingo, na wafanyakazi wa mabasi yanayokwenda Moyale kila siku. Hapo nilikubaliana na shemeji wa Eastleigh. Ila kuwauliza kunahitaji ustadi, kwa sababu ya adabu yetu wenyewe. Ukimuuliza Mswahili, au Mkenya yeyote aliyelelewa vizuri, "habari za huko?" atakujibu "nzuri." Atajibu nzuri hata kama kuna msiba, kisha baadaye, baada ya kukaa na kunywa maji, atasema "nzuri, ila tu jana tumezika." Salamu si swali. Kwa hivyo usimuulize dereva habari za huko. Muulize: Ulipita lini mara ya mwisho? Ulitoka Marsabit saa ngapi? Ulisimamishwa mara ngapi, na nani, wamevaa nini? Ulilala wapi, na kwa nini hukulala mji uliotangulia? Swali hilo la mwisho huzaa matunda kuliko yote. Dereva anayekwambia kwamba njia ni shwari lakini yeye halali mji fulani amekwisha kukujibu bila kujua.

Na hata akijibu vizuri, "salama" yake si lazima iwe yako. Yeye anajulikana njiani, anasema Kiborana au Kisomali, yuko katika gari lenye watu wawili au watatu, na gari likiharibika kuna tajiri wa kumpigia simu. Mwendesha pikipiki ni mgeni, amevaa kofia ya chuma iliyomficha uso, hawezi kwenda haja bila kuiacha mizigo yake barabarani. Akianguka hakuna wa kumwinua. Sehemu nyingi zenye msukosuko, pikipiki yenyewe ni kitu cha kushukiwa, kwa sababu ndicho chombo cha wahalifu. Mnamo Julai 2019 wakuu wa jiji la Addis Ababa walipiga marufuku pikipiki jijini, isipokuwa zilizosajiliwa na kupewa kibali, wakisema zimekithiri katika wizi. Katika habari zote za ghasia alizokusanya mwalimu, hakuna iliyomdokezea kwamba kabla ya kuingiza pikipiki katika jiji analoliendea, ampigie mtu simu aulize masharti yaliyopo sasa. Ubalozi wa Ethiopia uko Nairobi. Ni safari ya matatu moja au mbili kutoka Ruiru.

Sitaki pia tusahau hatari isiyo na waandishi. Tangu 2021 watu zaidi ya 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu na wapandao pikipiki ndio wengi wao. Mwandishi Mwingereza Ted Simon aliondoka London kwa pikipiki, peke yake, tarehe 6 Oktoba 1973, siku ile ile Misri na Syria zilipoingia vitani na Israel, na Misri ilikuwa njiani mwake. Alipita, akaizunguka dunia kwa miaka minne. Aliporudia safari hiyo mwaka 2001, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alivunjika mguu hapa Kenya, na si kwa risasi ya mtu.

Nilimwambia mwalimu maoni yangu bila kuzunguka. Hadi Moyale aende, mchana tu, baada ya kuzungumza na madereva wawili wasiojuana waliopita juma hilo. Kutoka Moyale hadi Addis Ababa, uamuzi asiufanye Ruiru. Aufanye Moyale, na awe tayari kwa moyo mkunjufu kulala siku mbili na kurudi. Gondar na Lalibela, alikotamani kufika, nilimkataza kabisa. Hali ya hatari ilimalizika Juni 2024, lakini mapigano ya Amhara hayakumalizika nayo, na huko mtandao wa simu uliwahi kukatwa, hivi kwamba hata maswali yangu yote mazuri yangekosa wa kuyajibu. Ukimya wa mahali si habari njema. Tuliliona hilo karibu zaidi mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa Tanzania wakati wa uchaguzi na kafyu kutangazwa Dar es Salaam, katika nchi ambayo wengi wetu tungemshauri msafiri aende bila hata kuuliza.

Jambo moja lililobaki ni kwamba mtu mchovu, aliyekwisha kutumia fedha na kuwaaga rafiki zake, huisoma kila habari kwa tamaa ya kuendelea. Kwa hivyo masharti ya kurudi aandike kabla ya kuondoka, mji kwa mji: Isiolo, Marsabit, Moyale, Yabelo. Nakala aiache kwa mtu mkaidi. Mwalimu alimtaja mama yake.

Mengine ni madogo na yanajulikana: Kadi ya Njano ya COMESA kwa bima ya nchi jirani, hati za forodha za kuitoa na kuirudisha pikipiki, na kukumbuka kwamba ukivuka Moyale unaanza kuendesha upande wa kulia, jambo ambalo mwili husahau asubuhi ya pili wala si ya kwanza. Na akiambiwa Yabelo kwamba barabara hufungwa saa kumi na mbili, asianze kugeuza saa kichwani kama afanyavyo akisoma Kiingereza. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko. Kumi na mbili yao ya jioni ni yetu.